Kiwanja cha Kihonda

Ijumaa yangu ya mapumziko nilikuwa naipeleka Abu Hamour, mtaa mmoja wa Doha. Wenzangu wa bweni la kampuni kule Al Rayyan walilala mpaka alasiri, au walikwenda kuzungukazunguka kwenye maduka makubwa ambako hawakununua kitu, ili mradi wapate baridi ya viyoyozi. Mimi nilipanda basi nikaenda kwa dada. Hakuwa dada yangu wa kuzaliwa. Alikuwa mwanamke wa Tanga, msimamizi wa chumba cha kufulia katika hoteli ambako mimi nilitandika vitanda, na alikuwa amekaa Doha muda mrefu kuliko Mtanzania yeyote niliyemfahamu.

Tulijuana katika wiki zangu za mwanzo. Viatu vya kampuni vilinichubua visigino mpaka soksi zikashika damu. Siku moja nikashindwa, nikasimama kwenye korido ya wageni nalia, mkono mmoja umeshika toroli la mashuka. Akatokea mwanamke mfupi, mnene kidogo, amevaa koti jeupe, akanishika kiwiko.

"Usilie hapa, mdogo wangu, kuna kamera," akaniambia kwa Kiswahili, kana kwamba tumelelewa nyumba moja. "Njoo ulie huku kwenye mashuka."

Nikaenda nikalia kwenye mashuka. Alinisubiri nimalize, akanifunga visigino kwa pamba, akanipa viatu vyake vya zamani vilivyokwisha kulegea. Kuanzia siku ile nikawa mdogo wake, naye akawa dada yangu, na sikuwahi kumwita jina lingine.

Chumbani kwake tulikutana wanawake wa kila kazi: wa mahotelini, wa majumbani, na mmoja aliyekuwa mlinzi wa shule. Tulikula pilau kwenye sinia moja, halafu ukaja mjadala wa viwanja. Wengi wetu tulikuwa tunaota kujenga. Dada alikuwa amekwisha kujenga. Alikuwa na nyumba ya kupangisha Tanga na nyingine Dar es Salaam, na wapangaji walimpigia simu mbele yetu kulalamikia bomba au mlango, naye akawajibu kwa upole huku anakata kachumbari. Tulimtazama kama wanafunzi wanavyomtazama mwalimu anayeijua kazi yake.

Na aliijua. Siwezi kusema vinginevyo hata leo.

"Kwanza jiulize, unajenga ili ukae au unajenga ili upangishe," alikuwa anatuambia. "Ukichanganya hayo mawili, umepotea. Kuna mwenzetu hapa alijenga kijijini kwao jumba la roshani na nguzo. Wanaokaa mle ni popo. Nani atapanga jumba lile kijijini? Mwalimu wa shule anataka chumba na sebule na choo chake, basi."

Alituambia kwamba kiwanja hakinunuliwi kwa picha za simu, kwa sababu picha haionyeshi maji yanakopita. Kiwanja kikaguliwe masika. Ukienda kiangazi kila bonde linaonekana uwanja wa mpira. Alituambia tuongee na majirani kabla ya kuongea na dalali, na tuwaulize maswali ya kijinga: hapa zamani palikuwa na nini, nani alikuwa analima, mbona mwenye kiwanja anauza. Alituambia twende ofisi ya ardhi tukahakikishe hati ni ya huyo anayeuza, kisha turudi kwa mwenyekiti wa mtaa, maana kuna mambo ofisini hayajulikani ambayo mtaani kila mtu anayajua. Muuzaji akiwa na mke, mke awepo. Akiwa na watoto wakubwa, wawepo na waweke saini. Na tusikubali kuharakishwa. "Mtu akikuambia kuna mnunuzi mwingine anakuja kesho," alikuwa anasema, "mwambie amuuzie huyo wa kesho."

Niliyashika yote. Nikiwa natandika vitanda vya wageni nilikuwa nayarudia kichwani kama mtoto wa madrasa.

Kiwanja changu kilitokea kwa njia ya mama. Mama anakaa Morogoro mjini, na kwenye kikundi chake cha akina mama alisikia kwamba mwalimu mmoja mstaafu anauza kiwanja Kihonda, jirani na mahali ambapo chuo kilikuwa kinajengwa. Mzee alikuwa amefiwa na mkewe, akataka kuhamia Mwanza kwa binti yake. Mama alizungumza naye kwa simu, mimi nikazungumza naye, nikaipenda sauti yake. Alijibu kila swali bila papara. Kiwanja kilikuwa kimepimwa na mawe ya mipaka yapo. Umeme ulipita mbele. Nilipofumba macho niliviona vyumba vya wanafunzi vimepangwa mstari mmoja, na mama amekaa kibarazani akipokea kodi, hahitaji tena kuuza maandazi na magoti yake yale yanayovimba.

Tatizo lilikuwa likizo. Hoteli ilikuwa imejaa wageni wa mikutano na meneja hakutaka kusikia mtu anaondoka. Mama naye hakuweza kuzunguka ofisini na kwenye viwanja. Nilimweleza dada tukiwa tunaosha vyombo.

"Mimi naondoka mwisho wa mwezi," akasema. "Nikishuka Dar nitapita Morogoro nikuangalizie. Nitakwenda ofisi ya ardhi, nitakwenda kwa mwenyekiti, nitaongea na majirani. Kila kitu."

"Dada, likizo yako ni fupi. Watoto wako wanakusubiri Tanga."

"Na wewe ni nani kwangu?"

Nilimkumbatia na mikono yenye povu.

Alifikia kwa mama. Mama alinipigia simu ya video akiwa na furaha kama ya mtu aliyepata ugeni wa mkwe. Alikuwa amechinja kuku, amempa dada chumba changu na kitanda changu, akamtandikia shuka zile za harusi yake ambazo sisi watoto hatukuruhusiwa kuzigusa. Kwenye kioo cha simu niliwaona wawili wamekaa mkekani wanachambua mchele, wanacheka. Nilijisikia kwamba angalau sehemu yangu moja imefika nyumbani.

Dada alishinda siku kadhaa anakwenda Kihonda na kurudi. Kisha akanipigia. Sauti yake ilikuwa ya kufiwa.

"Mdogo wangu, kaa chini. Kile kiwanja kina kesi."

"Kesi gani?"

"Mzee alikuwa na watoto wa ndoa ya kwanza. Wamekwenda baraza la ardhi. Majirani wote wanajua, yeye ndiye anayeficha. Ukitoa pesa yako pale umeitupa."

"Lakini mbona aliongea vizuri?"

"Ndiyo kazi yao hao. Sasa usimpigie. Ukimpigia atakulilia, na wewe una moyo mwepesi, nakujua. Futa namba yake. Nitamwambia mwenyewe kwamba umeghairi."

Nilifuta namba huku namshukuru. Nililia, ndiyo, lakini machozi yenyewe yalikuwa na nafuu ndani yake, kama mtu aliyevutwa nyuma gari likapita. Mama naye alimshukuru. Siku dada anaondoka, mama alimfungashia kisamvu kilichokaushwa na mbegu za maboga aniletee, na kitenge kipya kwa ajili yake mwenyewe.

Alivileta vyote. Kisamvu tulikipika Ijumaa ya kwanza aliporudi. Akasimulia kisa cha kiwanja changu mbele ya wenzetu, akakisimulia vizuri, na mimi nikakaa pembeni yake nikitikisa kichwa kuthibitisha. Kila alipokuja mgeni mpya kwenye sinia letu, dada alinionyesha kwa kijiko: "Mwulizeni huyu. Bila kukaguliwa angeliwa pesa zote." Nami nikawaambia ndiyo, dada aliniokoa. Nilikuwa shahidi wake. Kuna wanawake walioanza kumwamini kwa sababu ya maneno ya mdomo wangu.

Likizo yangu ilikuja mwaka uliofuata. Nilikwenda na nia ya kutafuta kiwanja kingine, na nilitaka kukitafuta mwenyewe. Dalali akaniambia ana sehemu nzuri Kihonda, akanipakia kwenye bodaboda. Tulipofika karibu na ukuta mpya wa chuo nikashtuka, kwa sababu nilipatambua. Sikuwahi kufika pale, ila mwalimu mstaafu alikuwa amenielekeza kwa simu mara nyingi: ukivuka ukuta kuna mashine ya kusaga, halafu nguzo ya umeme iliyoinama, halafu hapo.

Hapo palikuwa na jengo la vyumba, mstari mmoja, limefika kwenye mtambaa wa panya, kuta zimeisha, bado paa. Mafundi walikuwa wanachanganya zege. Nilimwambia dalali asimame.

"Hiki si kiwanja chenye kesi?" nikamwuliza fundi mkubwa baada ya salamu.

Akacheka. "Kesi ya nini, dada? Hapa pametulia kuliko mtaa mzima. Mzee aliyeuza ni mtu safi, mtoto wake ni yule mmoja tu wa Mwanza, alikuja akaweka saini mbele ya mwenyekiti."

"Na aliyenunua?"

"Mama mmoja yuko Qatar. Tajiri wetu huyo. Ana macho! Kila tofali anatukagua kwa video."

Nikamwuliza mama huyo yukoje. Akaniambia ni mfupi, mnene kidogo, mtu wa Tanga, anaita kila mtu mdogo wangu.

Dalali aliniuliza kama naumwa. Nilimwambia jua. Mimi niliyetoka Doha, nikasingizia jua la Morogoro.

Nilipofika nyumbani nilimkuta mama anakanda unga. Sikujua nianzie wapi, nikamwambia vile vile kama fundi alivyoniambia. Mama alifuta mikono, akachukua simu yake, akatafuta jina la mwalimu mstaafu. Yeye hakuwa amefuta namba. Hakuna aliyemwambia afute. Akampigia, akaweka sauti ya juu.

Mzee alifurahi kutusikia. "Mwanangu, pole sana na matatizo ya kazi," akaniambia. "Dada yako alinieleza kwamba ulipunguzwa kazini. Aliniambia mmekubaliana, yeye anunue ili kiwanja kisitoke kwenye familia, na wewe ukijipanga mtagawana. Nikasema hao ndio ndugu. Hata bei nilimpunguzia kwa sababu hiyo. Mmekwisha kuezeka?"

Nilimwambia bado, mzee, wako kwenye mtambaa wa panya. Sikuwa na nguvu ya kumharibia. Alituombea dua tukaagana.

Mama alirudi kwenye unga wake. Akasema, bila kunitazama, "Jioni alikuwa ananisugua magoti kwa mafuta. Ameshatoka kununua, anarudi, ananisugua magoti."

Hilo ndilo lililonikata kuliko kiwanja. Nilijaribu kumwona mwanamke yule kwenye mkeka wetu, vidole vyake vikiwa na wino wa mkataba, anamwuliza mama hapa panauma, na hapa je. Sikuweza kupata mahali ambapo mtu mmoja anaishia na mwingine anaanza. Kama angekuwa mtu mbaya tangu mwanzo ingekuwa rahisi kwangu. Ningesema nilidanganywa na tapeli. Lakini viatu vilikuwa vya kweli. Pamba ilikuwa ya kweli. Hata mafuta ya magoti, mama anasema, yalimsaidia.

Niliporudi Doha nilikwenda Abu Hamour Ijumaa ya kwanza, mapema, kabla wengine hawajafika. Alinifungulia kwa kelele za furaha, akaniuliza mama hajambo, magoti je. Alikuwa anamenya vitunguu. Nilibaki nimesimama na viatu miguuni.

"Dada, nimetoka Kihonda. Nimeyaona majengo yako."

Kisu kilisimama, kisha kikaendelea. Nilitegemea akane. Nilikuwa nimejiandaa kwa kukana, kwa kulia, kwa kuanguka miguuni. Hakufanya hata kimoja.

"Kaa basi," akasema.

"Sikai."

"Sikiliza. Wewe ungejenga lini? Niambie ukweli. Ungenunua, ukae na nyasi mpaka lini? Chuo kinafunguliwa, wanafunzi wanatafuta vyumba, na wewe mshahara wako naujua. Kile kilikuwa kiwanja cha mtu mwenye uwezo wa kuanza kesho yake."

"Ulimwambia mama yangu kina kesi."

"Ningekwambia nimekipenda ungekubali?"

"Ulilala kwenye kitanda changu, dada."

Hapo ndipo alipoinua macho. Yalikuwa na machozi, ila alikuwa anamenya vitunguu, na hata sasa sijui yalikuwa ya nini.

"Sikwenda na nia hiyo," akasema polepole. "Nilikwenda kukukagulia. Nilipofika pale nikaona. Kazi hii nimeifanya miaka, mdogo wangu, na sijapata kuona kiwanja kimekaa vile. Nikasema nitamtafutia kingine. Na nitakutafutia. Tena vyumba vikiisha nataka mama awe msimamizi, akusanye kodi, nitamlipa kila mwezi. Nilishapanga hilo. Niulize, nilishapanga."

Mama yangu, kibarazani, anapokea kodi. Ile ile picha niliyoiota, na yeye alikuwa ameiona pia, akaichukua na kumpa mama ndani yake kazi ya kibarua. Nilimwambia asithubutu kumpigia mama simu. Nikatoka. Kwenye ngazi nilipishana na wenzetu wawili wanapanda na mfuko wa viazi, wakaniuliza mbona naondoka, nikawaambia nimeitwa kazini.

Nilidhani wakijua watakuwa upande wangu. Baadaye walijua, na wengine walikuwa, lakini si wote. Mmoja aliniambia nimshukuru Mungu, pesa yangu haikuibwa, ninayo bado benki. Ilikuwa kweli. Hakuna polisi ambaye ningemwendea. Hakuchukua senti yangu. Mwingine alisema nina wivu. Walikuwa bado wanamhitaji, na kwa kuwa nilikuwa nimewahitaji wao wote siku ile moja ya wiki, nilijikuta sina Ijumaa. Kwa miezi kadhaa nililala mpaka alasiri kama wenzangu wa bweni. Kazini tulipishana kwenye korido. Alinisalimia, nami nikaitikia, kwa sababu salamu nilifundishwa kuitikia.

Kisha yule mlinzi wa shule akanifuata. Alikuwa amepata kiwanja Mkuranga na dada alikuwa anakwenda likizo, amejitolea kumkagulia. "Nifanyeje?" akaniuliza. Nilifikiri sana namna ya kumjibu bila chuki kuongea badala yangu. Nikamwambia, "Anayekukagulia asiwe mtu anayeweza kununua mwenyewe. Mlipe mwanasheria, au mlipe mpima ardhi, mpe risiti yake mmalizane. Na umpeleke mtu wako mwingine siku nyingine, asijuane na wa kwanza. Wakisema yale yale, nenda mwenyewe ukaone." Mlinzi alisubiri likizo yake, akaenda mwenyewe.

Ni neno pekee nililoongeza mimi. Mengine yote ninayowaambia wanawake wanaoniuliza siku hizi ni ya dada. Nimejaribu kuyasema kwa maneno yangu, yanatoka ya kwake, hadi ile ya popo.

Kiwanja nilikuja kupata mwaka jana, mbali zaidi, njia ya kwenda Dakawa. Hakuna chuo. Kuna kituo cha afya na shule, na wauguzi na walimu wanaotaka chumba na sebule. Nilikwenda masika, nikatembea kwenye tope na mabuti ya kuazima mpaka nikaona maji yanakopita. Niliwauliza majirani mpaka wakanichoka. Mke wa muuzaji alikuwepo, na vijana wake, na mama yangu alikaa kwenye kiti cha plastiki akiwatazama wote usoni mmoja mmoja wanapoweka saini. Nilikuwa na furaha, lakini ilikuwa furaha ya mtu anayehesabu milango kabla ya kulala. Nilimtazama hata mwanasheria wangu kwa jicho baya, na maskini alikuwa kijana mwema aliyekuja na chai yake kwenye chupa.

Tulipoanza msingi, kisima na shimo la choo, mlinzi wa shule aliniomba picha nikamtumia. Sijui alimwonyesha nani. Wiki ile ile ukaingia kwenye simu yangu ujumbe wa sauti kutoka namba ambayo sikuwa nimeihifadhi tena lakini naijua kwa kichwa. Nilikuwa kwenye basi la kampuni, tunatoka Al Rayyan asubuhi. Nikaweka sikioni.

"Mdogo wangu, hongera," ilisema sauti. "Nimeona msingi, umekaa vizuri. Ila shimo la choo mmeliweka upande wa juu wa kisima. Mwambie fundi alihamishie chini, karibu na njia, hata gari la kunyonya litafika kirahisi. Usichelewe, wakishajenga kuta utabomoa. Msalimie mama."

Niliusikiliza mara ya pili. Nikafungua ile picha nikaitazama kwa makini, nikaona kwamba ni kweli. Nikampigia fundi, nikamwambia asimamishe uchimbaji, shimo lihamie chini. Akaniuliza nimejuaje nikiwa mbali hivyo. Nikamwambia nimeshauriwa na mtu. Basi lilifika hotelini, nikashuka, nikaenda kuchukua toroli langu. Yeye sikumjibu.